Mdogo Wangu, Hamu Haina Shibe

Haya, wadogo zangu, sogeeni karibu. Leo sitamjibu mmoja mmoja, maana barua zenu za siku hizi nikizisoma naona zinalia kilio kimoja. Huyu anaweka mkeka wa kubeti mpira kila Jumamosi, ukichanika anaweka mwingine kabla ya mechi ya usiku, na hela ya kodi imeshakwenda. Yule kajifungia chooni anarusha kindege, ule mchezo wa kamari wa kwenye simu, mkewe anagonga mlango akidhani mume anaumwa tumbo. Mwingine kamari hata haijui, mcha Mungu wa watu, lakini simu haimtoki mkononi. Saa nane usiku bado anapandisha video kwa kidole gumba, macho mekundu, na asubuhi ana zamu. Wote mnamalizia kwa maneno yale yale, utadhani mliambizana: "Dada, wala sifurahii, lakini nashindwa kuacha."

Hayo maneno mnayaandika kwa aibu, mdogo wangu, tena wengine mnayaweka mwishoni kabisa chini ya salamu. Mimi ndiyo ninayotaka tuanze nayo. Mtu akifanya jambo lisilomfurahisha, kisha akalirudia kesho na keshokutwa, watu husema karogwa, au ana pepo, au hana akili. Wengine mmeshapelekwa kuombewa. Maombi siyapingi, omba hata usiku kucha. Ila ujue kwamba hicho ulichokiandika kwa aibu ni kweli tupu, na kuna watu wamekesha maabara miaka mingi mpaka wakakithibitisha. Mtu anaweza kukitamani kitu kwa nguvu zake zote huku hakipendi. Ubongo wake ndivyo ulivyoumbwa.

Kuna kemikali inaitwa dopamini. Najua mmeisikia, maana siku hizi kila anayeshika kamera mtandaoni ni daktari wa ubongo. Wanawaambia ni "kemikali ya raha", ukicheka inatoka, ukila chokoleti inatoka. Hapo ndipo mlipodanganywa, na uongo huo una gharama. Ukiamini dopamini ni raha, utaamini pia kwamba unachokikimbilia lazima kina raha ndani yake, hujaifikia tu, ongeza dau kidogo.

Kichwani mwako mna chembe za neva kama bilioni 86. Zinazotengeneza dopamini hazifiki hata milioni moja, nazo zimejibanza ndani kabisa, sehemu ya juu ya shina la ubongo. Nyuzi zake ndizo zinazofika mbali. Nyingine zinakwenda kwenye sehemu inayoanzisha mwendo wa mwili, nyingine kwenye sehemu inayowasha hamu, nyingine mpaka nyuma ya paji la uso, pale unapopangia mambo yako na kujizuia. Uchache wake usikupumbaze. Mnamkumbuka Muhammad Ali mwaka 1996 kule Atlanta, akiwasha moto wa Olimpiki mkono ukimtetemeka? Madaktari walishamwambia tangu mwaka 1984 kuwa ana ugonjwa wa Parkinson, na ugonjwa huo huja chembe hizo zikifa. Bingwa wa dunia, mikono yake iliyoangusha watu ikawa haitulii.

Mwaka 1957 Msweden mmoja, Arvid Carlsson, aliwapa sungura dawa ya kuwamaliza dopamini. Sungura wakalala chini, hawajongei, masikio yameanguka. Kisha akawachoma L-dopa, kitu ambacho mwili hukigeuza kuwa dopamini, na haukupita muda mrefu wakainuka wakaanza kutembea. Kwa kazi hiyo na iliyoifuata alishiriki Tuzo ya Nobeli ya mwaka 2000. Angalia walichorudishiwa sungura wale: kunyanyuka. Miguu ilipata sababu ya kwenda. Shika hilo, tutalirudia.

Sasa hiyo habari ya raha ilitoka wapi? Haikutoka hewani. Mwaka 1954, Montreal, Kanada, James Olds na Peter Milner walimpachika panya waya mwembamba ubongoni, wakamwekea kitu cha kubonyeza. Akibonyeza, umeme kidogo unapita. Panya wakabonyeza mamia ya mara kwa saa moja, na wengine katika majaribio yaliyofuata walisahau hata kula. Nani asingesema kwamba hapo pana raha? Baadaye ikaonekana njia hizo zinaitegemea dopamini, na jina likaganda. Lakini, wadogo zangu, kubonyeza bila kuacha hakuthibitishi raha. Waulizeni wenye mikeka.

Aliyenisaidia mimi kuelewa ni Kent Berridge wa Chuo Kikuu cha Michigan, Marekani. Panya akionja sukari hulamba midomo, na mtoto mchanga naye hufanya hivyo hivyo, kwa hiyo ukitazama ulimi unajua kama kimemkolea. Mwishoni mwa miaka ya 1980, Berridge na wenzake waliwaondolea panya karibu dopamini yote. Basi panya wale chakula kimewekwa mbele yao na hawakigusi, wangekufa njaa kama wasingelishwa. Lakini tone la utamu likiingia mdomoni, walilamba midomo sawasawa na wenzao wazima! Utamu waliujua vizuri. Kilichowatoka ni ile hamu ya kuufuata. Halafu kuna na upande wa pili: panya waliochochewa njia hizo kwa umeme walikula zaidi na zaidi, na nyuso zao hazikuonyesha kwamba chakula kimewanogea zaidi.

Mimi niliposoma hapo niliweka kitabu chini. Maana yake kutamani na kupenda ni kazi mbili, zina njia mbili ndani ya kichwa. Siku za kawaida zinakwenda pamoja, ndiyo maana hatuzitofautishi. Ukitamani mihogo ya kukaanga na chachandu jioni, unaifuata, unaila, unashiba, unarudi nyumbani unaimba. Ila kuna mambo duniani yanajua kuziachanisha, hamu ikapanda huku raha inashuka. Wazee walituambia mchovya asali hachovyi mara moja. Waliona sawa kabisa, ila walidhani anarudia kwa sababu asali bado tamu. Unaweza kukuta mtu anachovya mwaka wa tatu na asali ilishamwishia utamu mwezi wa pili.

Inakuwaje hamu inapanda yenyewe? Hapa naomba utulivu, maana ndipo penye mzizi. Wolfram Schultz, aliyekuwa akifanyia kazi Fribourg, Uswisi, alisikiliza chembe za dopamini za nyani, moja moja, kwa vipimo vyembamba. Nyani anapewa tone la maji ya matunda. Mwanzo chembe zilifyatuka tone linapogusa ulimi. Kisha kila tone likatanguliziwa ishara, taa au mlio. Nyani alipozoea, chembe zikafyatuka kwenye ishara, na tone lenyewe lilipofika, hazikusema kitu. Na siku ishara ilipokuja tone lisifuate, zilinyamaza chini ya kawaida yake, wakati ule ule tone lilipopaswa kufika.

Mtazame mtoto wa miaka mitatu na baba yake. Jioni moja baba anarudi na biskuti mfukoni. Mtoto hakutegemea, anaruka mpaka kanga ya mama inaanguka. Wiki ikipita, mtoto anaanza kuruka akisikia komeo la geti, na biskuti anaipokea huku anaangalia kwingine. Siku baba akirudi mikono mitupu, kilio chake mtaa mzima unakisikia, na chakula kashiba. Mwezi uliopita angemwona baba mikono mitupu na asingelia hata kidogo. Chembe zako za dopamini ndiye mtoto huyo. Hazihesabu ulichopata. Zinahesabu tofauti ya ulichopata na ulichotarajia. Mwaka 1997 Schultz, Peter Dayan na Read Montague walionyesha kwamba mapigo ya chembe hizo yanafuata hesabu ile ile ambayo wataalamu wa kompyuta walikuwa wameshaitumia kuzifundisha mashine zijifunze kwa kukosea.

Sasa jitazame wewe. Mshahara unaingia, ujumbe wa "Umepokea" unalia, na moyo wako unaanza kwenda mbio kabla hujaweka hata shilingi mia. Hilo ni komeo la geti. Kijiwe cha bodaboda mnapochambulia mechi ni komeo. Ile alama nyekundu juu ya programu ya simu, inayokwambia kuna mtu kakupenda picha, ni komeo. Ndiyo maana unasema "nilijikuta nimeshafungua". Nakuamini, mdogo wangu. Mkono ulikwenda kabla ya mawazo. Sungura wa Carlsson nao waliinuka bila kuitisha kikao.

Na kwa nini kindege kinashinda hata mikeka? Mwaka 2003 Schultz na wenzake, Christopher Fiorillo na Philippe Tobler, walifanya jambo ambalo ningependa kila mzazi alijue. Waliwapa nyani ishara tofauti. Moja ilimaanisha tone linakuja bila shaka. Nyingine ilimaanisha haliji. Nyingine ilikuwa nusu kwa nusu, huenda likaja, huenda lisije. Kwenye uhakika, chembe zilitulia katika muda wa kungoja. Kwenye nusu kwa nusu zilianza kupanda polepole na kuendelea kupanda mpaka jibu lilipotoka. Kutojua kwenyewe kuliziamsha. Haya, kitazame kindege: namba zinapanda, moja nukta mbili, moja nukta nane, mbili, tatu, na hujui kitaondoka saa ngapi. Mchezo wote ni kule kungoja. Kisha unarudiwa ndani ya dakika, mchana na usiku, wakati mkeka wa mpira angalau unakupa dakika 90 za kupumua. Na wewe wa video, usicheke wenzako. Tisa za ovyo, ya kumi inakuvunja mbavu, na hujui ya kumi iko wapi.

Jambo jingine linalowamaliza ni ile barua ya "Dada, ilibaki mechi moja tu." Timu kumi na mbili zimetiki, ya kumi na tatu imesawazishiwa dakika za majeruhi. Unaniandikia kana kwamba umekaribia. Mwaka 2009 Luke Clark na wenzake wa Cambridge, Uingereza, waliwachezesha watu mashine ya kubahatisha huku wakiwapiga picha za ubongo. Walipokosa kwa karibu, watu walisema hawakupenda, inaudhi kuliko kukosa kwa mbali. Lakini walisema pia kwamba imewaongezea hamu ya kucheza tena, na picha zilionyesha sehemu zinazowaka mtu akishinda zikiwaka na hapo. Umeona? Inakuudhi na inakuita, kwa wakati mmoja. Pochi yako haijui kukaribia. Mkeka uliochanika kwa mechi moja na uliochanika kwa kumi, yote inalipa sifuri.

Mnisikilize kwa makini kwenye hili linalofuata, hasa nyie mnaojiita washenzi kwenye barua zenu. Wagonjwa wa Parkinson hupewa dawa za kurudisha dopamini au kuiga kazi yake. Zinasaidia sana, mtu anarudi kufunga vifungo vyake mwenyewe. Lakini madaktari wakaanza kuletewa malalamiko na familia. Mwaka 2005 wataalamu wa Mayo Clinic, Marekani, waliandika habari za wagonjwa 11 waliovamiwa na kamari katikati ya matibabu, na 9 kati yao walikuwa wakitumia dawa moja, pramipeksoli. Watu wazima, wametulia, wengine hawajawahi kuwa wacheza kamari. Dawa ilipopunguzwa au kusimamishwa, hamu iliwaachia. Sasa niambie, mchungaji au shehe angemkemea nini mgonjwa kama huyo? Tabia yake haikubadilika kwa siku moja. Kilichobadilika ni mawimbi ya dopamini. (Na kama babu yako anatumia dawa hizo, usimnyang'anye! Kuziacha ghafla ni hatari. Ukimwona kaanza mambo mapya ya ajabu na pesa, mwende naye kwa daktari wake.)

Ila usije ukakata kipande hicho cha gazeti ukakibandika ukutani, mkeo akiuliza hela unamwonyesha "dopamini". Aa, hapana. Nimekueleza kwa nini unavutwa, sijasema uvutwe. Ada ya mtoto ni ada ya mtoto. Yule mtoto wa getini hana kosa akiruka, lakini mwenye nyumba ni wewe, na ufunguo wa geti unao. Nakusema kwa sababu nakupenda.

Kuna na nyinyi wa mirungi na unga, nitasema kwa ufupi kwa kuwa habari yenu inataka kikao chake. Mchezo wa kubahatisha unaitekenya hesabu ile ya matarajio. Dawa za kulevya hazisubiri hesabu, zinaisukuma dopamini itoke au zinaizuia isirudi ndani, hata kama siku yenyewe haina jipya. Kathinoni iliyomo kwenye mirungi inafanya hivyo, kokeini inafanya hivyo. Ndiyo maana matumizi yanazidi huku unajiona umekauka. Hospitali ya Muhimbili wamekuwa wakitoa methadoni kwa watumiaji wa heroini tangu mwaka 2011, na wako waliorudi kazini na kwa watoto wao. Nenda ukaulize. Aibu ya mlangoni ni ya dakika tano.

Sasa tufanyeje, dada? Kwanza uache kujiapiza. Kila barua ina kiapo: "kuanzia Jumatatu". Kiapo unakitoa ukiwa umetulia, na anayepaswa kukitekeleza ni wewe wa Jumamosi saa kumi jioni, komeo limeshalia. Watu hao wawili hawafahamiani. Basi wewe wa leo, uliyetulia, fanya mambo ambayo yule wa Jumamosi hawezi kuyafuta haraka. Toa programu kwenye simu. Omba akaunti yako ifungwe kabisa, siyo kutoka tu. Toka kwenye magrupu ya "odds za uhakika", maana anayeuza uhakika wa kamari angekuwa nao asingeuza kwa elfu mbili. Mshahara ukiingia, usilale kwenye namba yako. Kodi iende siku hiyo hiyo, ada iende, fungu la kikoba liende, na kilichobaki akishike mtu unayemwogopa kidogo. Kuna mdogo wangu hela zake anashikiwa na shangazi, na shangazi anauliza maswali hata ya nauli. Anamchukia shangazi kila mwisho wa mwezi, na kodi inalipwa.

Simu ilale sebuleni. Nunua saa ya mezani ikuamshe, acha kisingizio cha alamu. Zima milio yote isipokuwa ya watu wanaokupigia kwa sauti zao. Najua unaona ni mambo madogo mno kwa shida kubwa kama yako, ulitaka nikupe siri. Siri yenyewe ndiyo hii: usishindane na hamu ikishaamka, punguza zile ishara zinazoiamsha. Ikishapanda imeshapanda. Mwenye pupa hadiriki kula tamu, na saa hiyo wote tuna pupa.

La pili nalisema kwa ukali. Usikimbize hela iliyokwenda. "Nirudishe tu yangu, kisha naacha" ndiyo njia waliyopita wote walioishia kwenye mikopo ya kausha damu, wakauza friji, wakauza na simu ya mke. Ukipoteza, kumbuka, chembe zako zimenyamaza chini ya kawaida, unajisikia vibaya kuliko hasara yenyewe, na kichwa kinatafuta kitu chochote cha kukuinua sasa hivi. Uamuzi wowote wa pesa utakaoufanya katika saa hiyo utaufanya ukiwa umelewa bila pombe. Lala kwanza. Hata hela ya kesho usiiguse mpaka ule uji.

Kisha utapita kipindi cha ubaridi. Hili huwa hamwambiwi, ndiyo mnadhani mmeharibika. Ukiacha, kila kitu kinakuwa chapwa. Mpira bila mkeka unaona watu wanakimbizana tu. Chakula hakina ladha, mazungumzo ya mkeo yanachosha. Siyo kwamba maisha yako ni mabaya. Kichwa kilizoea mishtuko mikubwa na sasa kinapokea ya kawaida. Kinazoea upya, kwa miezi, siyo kwa siku. Katika muda huo kipe vitu vyenye mafanikio madogo yanayoonekana: bustani ya mchicha, mazoezi, kozi ya umeme, kuku watano. Kwa mtoto yule, siku baba alipoleta biskuti asiyoitegemea ndiyo aliruka zaidi, na mche wa nyanya ulioupanda mwenyewe ukitoa ua hushtua vizuri tu.

Na ukiteleza? Utateleza, wengi huteleza. Wanaochunguza jinsi viumbe wanavyojifunza wanajua kwamba zoea la zamani halifutiki. Unajifunza jipya juu yake, la chini linabaki limelala. Unaweza kukaa miezi minane safi, ukapita kile kijiwe, ukasikia zile sauti, ukajikuta umeshaweka elfu tano. Usiniandikie kwamba basi yote yameisha. Kuvunjika kwa koleo siyo mwisho wa uhunzi. Ila niambie ulipita kijiweni kufuata nini.

Mmoja kaniuliza kuhusu "kufunga dopamini", ile fasheni iliyovuma kutoka California mwaka 2019, mtu anakaa siku nzima hali, haongei, haangalii mtu. Mdogo wangu, dopamini hufungi. Ubongo unaitengeneza muda wote kutoka kwenye vyakula unavyokula, maharage, mayai, samaki, na usipokuwa nayo utakuwa kama wale sungura niliokueleza. Kaa mbali na simu siku nzima, nakuunga mkono, utapumzika. Ongea na watu lakini. Na aliyeuliza sindano ya dopamini inauzwa wapi: hospitali wanayo, ya kusaidia moyo na shinikizo la damu la wagonjwa mahututi, na ukichomwa haivuki kuingia ubongoni. Ndiyo sababu wagonjwa wa Parkinson wanapewa L-dopa, yenyewe inavuka. Na mjue, mbegu za upupu, huu huu upupu wetu wa porini unaowawasha watoto mpaka wanakimbilia majivu, zina L-dopa nyingi sana. Msianze kuzisaga nyumbani, tafadhali. Kipimo chake hamkijui, na nimeshaona tangazo la unga wake lenye ahadi za ajabu.

Nanyi wazazi mnaosoma kwa kuibia: sehemu ile ya nyuma ya paji la uso, ya kujizuia, inaendelea kukomaa mpaka miaka ya ishirini na kitu. Mtoto wa miaka kumi na tano ana hamu ya mtu mzima na breki ambazo hazijaisha kufungwa. Sheria inamkataza kubeti kabla ya miaka 18, lakini laini anayotumia imesajiliwa kwa jina lako. Angalia.

Kama deni limekufikisha mahali unawaza kujidhuru, usimalize kusoma ukurasa huu. Mwite ndugu, jirani, mtu yeyote, mwambie leo leo, kwa maneno ya wazi. Hospitali za rufaa za mikoa zina wahudumu wa afya ya akili, na watu wanaosikia jina la Mirembe, hospitali ya wagonjwa wa akili, wakacheka hawajawahi kulala na deni la milioni tatu kifuani.

Nimebakiza wewe bibi harusi mtarajiwa, uliyeniuliza kama umwambie fundi aendelee kushona, baada ya kugundua hela ya ukumbi imeishia kwenye kindege. Mwambie fundi asubiri. Mchumba wako sijasema ni mtu mbaya, na machozi aliyolia mbele yako naamini ni ya kweli. Mtu anaweza kukupenda kwa dhati huku hamu inampeleka kwingine, nimetumia ukurasa mzima kulieleza hilo. Lakini usimlipie deni kwa hela mkononi, hata akipiga magoti. Mwite mshenga, mkae watatu, afungue simu muone miamala yote mpaka ya chini. Akubali mshahara wake upite kwa mtu mwingine. Kisha iache mishahara sita ipite, uone kodi inalipwa na ukumbi unalipwa, naye anaweza kukaa Jumamosi nzima bila kwenda chooni na simu. Akikataa kufungua simu, umeshajibiwa. Na kama kitambaa kilishakatwa, mlipe fundi nusu ya ufundi wake, asije akapata hasara kwa mambo yenu, mwambie utampigia.